Zawadi Tunayoomba Uikatae

RISALA YA KIKUNDI CHA SANAA ZA JUKWAANI KIBUNGWE, MGETA, KWA MHESHIMIWA MKUU WA WILAYA

Mgeni rasmi, viongozi mliokaa kivulini, na wananchi mliokosa kivuli:

Sisi wanakikundi tunakuamkia shikamoo, isipokuwa Bibi Sabra, anayesema ana mjukuu wa rika lako na atasubiri umwanze wewe. Pole kwa mlima. Tumesikia gari limegoma na umemalizia kwa miguu. Wenzako hugeuzia hapo, kwa hiyo tayari tunakupenda.

Usishtuke kuona risala inasomwa na mtu aliyevaa kinyago cha buyu usoni. Ni ndugu yetu Mwinshehe, na habari yake ndiyo iliyotuweka roho juu leo.

HISTORIA

Kikundi kilianzishwa miaka minne iliyopita na Mwalimu Wilfred, mstaafu, aliyetufundisha michezo ya Wayunani wa kale: wafalme wenye kiburi, vinyago usoni, na kundi la watu pembeni ambao kazi yao ni kuona makosa ya mfalme na kuyasema kwa sauti moja. Akina mama wa bombani walimwambia kazi hiyo wanaifanya tangu usichana. Hawakuhitaji mazoezi.

MAFANIKIO

Watu wazima kumi na mmoja wamejua kusoma, kwa tamaa ya kupewa maneno mengi jukwaani kuliko jirani. Severin na shemeji yake, walionuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba la karoti, walipangwa kuwa farasi mmoja, huyu mbele, huyu nyuma. Huwezi kumnunia mtu uliyemshika kiuno wiki sita.

Lakini fahari yetu ni Mwinshehe. Alikuwa utingo wa lori la kabichi. Lori lilipoanguka na dereva wake akafariki, yeye alirudi mzima, ila bila neno. Mwaka na nusu. Mwalimu akampa nafasi ya mfalme maiti, asiye na la kusema. Siku ya mazoezi akavaa kinyago, akalala chini, kisha maiti akamwambia Severin, "Unanikanyaga."

Severin alikimbia, akiacha nyuma ya farasi imesimama peke yake.

Mwinshehe akaenda na kinyago nyumbani. Mkewe Zuleha akamtengea maharage, akangoja. Mfalme akasema, "Chumvi haijakolea."

"Mwaka na nusu nangoja neno," Zuleha alitwambia bombani, akifuta machozi kwa kanga, "neno lenyewe chumvi."

Tangu hapo anasema, ila akiwa na kinyago tu. Sokoni humwambia Josephina, muuza nyanya, "Ewe raia, fungu hili umelipunguza." Naye hujibu, "Hata wafalme wanalipa, baba." Akikivua, mdomo unafunga.

CHANGAMOTO

Paa linavuja. Lakini changamoto kubwa ni sisi wenyewe. Kijiji jirani walimpa mgeni wao mbuzi. Kamati yetu, isipitwe, ikakuandikia kwamba utapewa kitu bora kuliko vyote tulivyo navyo: kinyago cha mfalme. Mwinshehe hakuwepo kikaoni. Alikuwa shambani, anazihutubia kabichi. Ofisi yako ikajibu kwa furaha kuwa msumari wa kukitundika umeshapigwa ukutani.

Mwinshehe amesema ahadi kwa mgeni haivunjwi, atakitoa. Tangu jana anaongea mfululizo. Zuleha anasema ni kama mtu anayekunywa maji kabla ya safari ndefu.

MAOMBI

Tunaomba mabati ishirini. Hayo yanaweza kungoja.

Lisiloweza kungoja ni hili. Risala ikiisha, Mwinshehe atavua kinyago na kukukabidhi. Ahadi ni yetu, hatuna uso wa kuifuta. Wewe ndiye unayeweza kutusamehe. Kipokee, tupige makofi, kisha umvalishe tena mwenyewe. Zawadi yako badala yake ni mbuzi, amefungwa nyuma ya turubai, na Bibi Sabra amempima: ni mkubwa kuliko wa jirani. Kwenye msumari tundika picha.

Tunaamini iko siku atakivua na bado anaongea. Siku hiyo tutakuletea kinyago ofisini, kijiji kizima, pamoja na akina mama wa bombani. Uandae viti, na usiwe na makosa.

Mungu akushushe mlima salama, akujaalie wa kukwambia ukweli na masikio ya kuwavumilia.

Ni sisi,
KIKUNDI CHA SANAA ZA JUKWAANI KIBUNGWE

Imesomwa na Mwinshehe, ambaye sasa anavua kinyago.