Mama Friza Anastaafu Kabla ya Jibu

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wa maabara yetu ya utafiti wa macho anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kwenye barua za ofisi ana jina refu lenye vyeo mbele na nyuma. Sisi tunamwita Mama Friza, awepo asiwepo, naye huitika. Kwa kuwa ameshatuonya kwamba hataki kusifiwa kama marehemu, mwandishi wa makala hii atajitahidi kutaja na yale yanayoudhi.

Aliingia hapa akiwa fundi sanifu wa maabara, akipima damu na mkojo katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Baadaye alirudi shule, akasoma mpaka shahada ya uzamivu huku akilea watoto wawili na mume asiyejua kuchemsha maji. Mume huyo leo anapika vizuri kuliko wengi wetu, na mafanikio hayo nayo tunayahesabu kuwa ya Mama Friza.

Jina la Friza amelipata kihalali. Sampuli zetu ni tone la maji yanayotolewa ndani ya jicho, upande wa mbele, kwa sindano nyembamba, tone dogo kuliko chozi, na lisipogandishwa haraka kwenye friza la maabara, ambalo yeye ndiye mlinzi wake, linaharibika. Daktari mmoja wa mafunzo aliwahi kuficha chupa ya soda kwenye friza hilo siku ya joto kali, nayo ikapasuka. Mama Friza hakupiga kelele. Alimkabidhi kitambaa na ndoo, akavuta kiti, akakaa kumtazama mpaka rafu ya mwisho. Daktari huyo sasa ni bingwa wa macho, na mpaka leo anakunywa soda ya moto.

Siku nyingine umeme ulikatika, jenereta nalo likagoma. Mama Friza alipakia sampuli zote kwenye boksi la barafu akakodi teksi kwenda hospitali jirani. Boksi alilikalisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda, yeye akabanana nyuma na mitungi ya maji ya dereva. Dereva alipouliza humo ndani mna nini, alijibiwa kwamba mna macho ya watu, basi apunguze mwendo kwenye matuta. Tuliambiwa hakuna teksi iliyowahi kuendeshwa kwa adabu kiasi kile.

Lakini kazi iliyomkaa moyoni ni moja, na ilianzia kwa dada yake mkubwa, mshonaji. Dada huyo alianza kugombana na cherehani yake. Kila pindo alilolishona lilionekana limepinda, akalifumua, akalinyoosha, na wateja wakarudisha sketi kwa hasira kwa sababu sasa ndipo zilipokuwa zimepinda kweli. Cherehani ilipelekwa kwa fundi, ikarudi, ikapelekwa tena. Mama Friza ndiye aliyemshika mkono na kumleta kliniki, na hapo ikajulikana kwamba tatizo halikuwa cherehani.

Nyuma ya jicho, katikati kabisa ya retina, ule utando unaopokea mwanga, kuna sehemu ndogo tunayoitumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu. Kwa baadhi yetu, umri ukisogea, sehemu hiyo huchakaa. Mistari iliyonyooka huanza kupinda, kisha ukungu unatanda katikati, na mtu anabaki kuona pembeni tu. Jicho la kushoto la dada lilikuwa limefika huko. La kulia lilikuwa zima bado, na swali lake lilikuwa moja tu: na hili nalo litakwenda?

Mama Friza alijipa kazi ya kulijibu. Wataalamu wanaamini kwamba mchochota, yaani ule moto wa ndani mwili unapojihami, una mkono wake katika uchakavu huu, na moto huo huacha protini zake ndani ya jicho. Hizo ndizo tunazoziita viashiria. Alipima maji ya macho ya wagonjwa, akayalinganisha na ya wazee wasio na ugonjwa huo waliokuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Majibu yalitutoa machozi ya furaha. Kwa wagonjwa viashiria vilikuwa juu sana, kwa wenzao vilikuwa chini. Jarida likakubali makala, keki ikakatwa, na Mama Friza akaenda kumwambia dada yake kwamba kipimo kinakuja.

Wiki chache baadaye mumewe naye akapangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akapewa dawa ya matone ya kutumia nyumbani siku kadhaa kabla. Mzee yule, wanasema walioshuhudia, hupepesa jicho kabla tone halijafika, halafu analalamika kwamba amekoseshwa dawa. Katika kumsubiri atulie, Mama Friza akasoma karatasi ya kichupa. Dawa ile ilikuwa ya kutuliza mchochota. Akakaa chini palepale. Wale wazee wetu wote wa kulinganisha nao walikuwa wametumia matone hayo kabla ya kutolewa maji ya jicho, na wagonjwa, ambao hawakuwa wakienda kupasuliwa, hawakuyatumia. Kwa hiyo tofauti tuliyoishangilia huenda ilikuwa imeletwa na kichupa kile.

Jumatatu iliyofuata aliiondoa makala. Baadhi ya wenzetu walimsihi aiache, aongeze tu mstari mmoja mwishoni wa kutaja kasoro hiyo. Aliwauliza, "Nani kati yenu atakwenda kumsomea dada yangu huo mstari?"

Alikwenda mwenyewe, na ametusimulia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuna njia iliyomwia ndefu kama ile ya kwenda kwenye kibanda cha dada yake. Alieleza kila kitu akiwa amesimama, machozi yakimlengalenga. Dada alimsikiliza huku akipapasa kitambaa, kisha akasema, "Kwa hiyo hujui. Basi rudi kazini, hapo uliposimama unanizibia mwanga."

Akarudi. Safari hii alitaka maji ya jicho yachukuliwe kabla ya tone lolote la dawa, kwa wale tu wanaojitolea na ambao daktari ameona hawatadhurika. Mkuu wa upasuaji akakataa katakata. Mama Friza hakubishana naye. Kila siku ya upasuaji alikuwa akienda kukaa kwenye benchi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, na kila mara mkuu huyo alipotoka alimsalimia kwa heshima zote na kumuuliza kama amefikiria. Mkuu alijaribu kutokea mlango wa nyuma. Benchi likahamia huko. Mwisho wa yote alikubali, kamati ya maadili ikaridhia, na leo wawili hao ni marafiki, ingawa mkuu bado hulitazama benchi kabla ya kutoka.

Utafiti huo mpya unawafuatilia watu ambao jicho moja limechakaa na la pili bado halijachakaa. Wanapofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye hilo la pili, tunachukua tone, tunalipima, kisha tunasubiri miaka tuone kama wenye viashiria vya juu ndio wanaougua. Mirija ina namba tu, majina yamefungiwa. Dada alipopata mtoto wa jicho alijiandikisha mwenyewe, tena kwa mkwara, akidai apewe namba nzuri. Jicho lake la kulia bado linaona, na anatunga uzi mwenyewe. Kama litabaki hivyo, hakuna anayejua.

Majibu yatafunguliwa mwakani. Uongozi ulimwomba Mama Friza abaki kwa mkataba mpaka siku hiyo, na sote tuliona hilo ni haki yake. Alikataa. Alisema hakuna mtu hapa anayetaka kipimo hiki kifaulu kuliko yeye, na mtu wa namna hiyo hafai kuwemo chumbani hesabu zikifanywa. "Nina dada humo ndani," alisema, akafunga mjadala. Alituachia ombi moja tu, kwamba jibu likipatikana, washiriki waambiwe kabla ya jarida na kabla ya mkutano wowote wa wataalamu.

Mama Friza, ahsante kwa kazi, kwa ukali, na kwa kuturudisha mwanzo pale tulipokuwa tumeshakula keki. Tutakukumbuka mno, na wengine tutapumua kidogo. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na siku nyingi na familia yako. Ombi lako tumelishika. Liwe jema au baya, jibu litamfikia dada yako kwanza, na wewe utalipata kutoka kinywani mwake, kama ndugu mwingine yeyote wa mgonjwa.