Nilisema ni Vumbi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu uliyetoka mbali kuja kutufungulia chumba hiki cha darubini, mashekhe wetu, wazee wa Habaswein, akina mama, wanafunzi wangu: Assalaam aleykum warahmatullah.

Hotuba niliyoandika iko mfukoni, na itakaa huko huko. Mimi Abdilatif, mwalimu mkuu wenu, leo nina neno na Mzee Sugow, yule pale mstari wa mbele. Binti yake Ugbad, fundi wetu wa darubini, amepata nafasi ya kusomea elimu ya nyota chuo kikuu. Jibu linatakiwa Jumatatu. Mzee hajakubali, na aliyemzuia ni mimi.

Ndugu zangu, huko mbali kabisa nyota kubwa hufa kwa kishindo na kutoa mmweko wa miale ya gama, sekunde chache tu. Setilaiti ikiuona hututumia ujumbe, nasi tunaukimbilia mwanga unaobaki nyuma, maana hufifia upesi. Mwezi wa Shaaban ujumbe ulikuja baada ya swala ya isha. Kabla sijapata viatu vyangu, Ugbad alikuwa ameshaielekeza darubini.

Akapiga picha kwa kichujio chekundu, kioo kinachopitisha rangi hiyo tu: mwanga upo. Kwa cha buluu: hakuna kitu. Nikacheka, wenzake wakisikia. Sisi watu wa Wajir tunaishi na nini? Vumbi limo kwenye chai, limo kwenye vitabu, litakosaje kwenye kioo? Nikamwambia, "Pangusa, andika hitilafu."

Akanijibu, "Mwalimu, wallahi nimepangusa. Angalia nyota za kando, kwa buluu zote ziko. Hii vumbi inachagua nyota moja?"

Jamani! Miaka ishirini na sita nafundisha fizikia, na binti huyu akanishika. Lakini mtu mzima akishikwa hupandisha sauti. Nikaandika "hitilafu" kwa mkono wangu mwenyewe. Wiki ile ile Mzee Sugow akaja kuniuliza kama binti anafaa kwenda chuo. Nikasema, "Bado. Ana haraka."

Ugbad hakubishana. Alikaa na picha zake siku mbili. Mwanga unaotoka mbali hivyo hutanuka mawimbi yake njiani ukaelekea wekundu, na gesi iliyo kati yetu humeza sehemu yake ya upande wa buluu. Kadiri chanzo kilivyo mbali, ndivyo rangi nyingi zaidi zinavyokosekana. Kutokana na rangi iliyokosekana akakadiria kwamba mwanga ule ulisafiri miaka bilioni kumi na mbili. Akawatumia wenzetu wenye darubini kubwa, kwa jina la shule, si lake. Kumbe nao walikuwa wameupima mwanga ule ule. Walipata ngapi? Bilioni kumi na mbili! Mwanga umeanza safari kabla ya jua hili kuwapo, na aliyeupokea ni mtoto wa hapa Habaswein, mimi nimesimama nikimwambia apanguse kioo.

Ugbad, nilikukosea mbele ya wenzako, nami nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa. Mzee Sugow, ndugu yangu, ulinijia kwa kuniamini, nikakupa neno la mtu aliyeona aibu. Nalifuta. Akiondoka sina wa kuziba nafasi yake, na nitahangaika sana. Lakini anafaa, na siku ile uliponiuliza alikuwa anafaa.

Mheshimiwa, utepe wa ufunguzi utasubiri kidogo. Nyote nawashukuru kwa kunivumilia. Mzee Sugow, kipaza sauti hiki hapa, tunakusikiliza wewe.