Kidole Kwenye Paji

Fundi viatu aliketi kwenye basi na bintiye, kidole chake cha shahada kikiwa juu ya paji la uso la mtoto. Hakikubanduka hata gari liliporuka tuta. Mama mmoja aliyekaa kando yao alivumilia vituo viwili, uvumilivu ukamshinda.

"Baba, mtoto hasontwi kidole hivyo, hata kama amekosa."

"Hajakosa, mama," fundi akajibu, macho dirishani. "Amejigonga mezani, akachanika kidogo. Nikasema, soli inayobeba mtu mzima naigandisha, sembuse ngozi ya mtoto."

Mama akamgeukia mzimamzima. "Umempaka gundi ya viatu?"

"Tone tu."

"Na kidole?"

"Nilikuwa nabana. Usipobana haishiki."

Abiria wa nyuma akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, ila hata huko asingezama bila mtoto.

"Baba anabana vizuri," binti akamtetea. Hilo lilimchoma zaidi.

"Usijali," mama akasema kwa upole. "Manesi wameona mengi, hawatakucheka."

"Nesi wa zamu leo ndiye mama yake huyu. Asubuhi ameniachia mtoto, akasema siku hizi ananiamini."

Basi likasimama mbele ya lango la hospitali. Binti akainuka, baba hakuinuka, ikabidi akae tena.

"Kondakta," fundi akaita kwa sauti ya chini, "hospitali nyingine iko kituo gani?"