Asikute Uwanja Mtupu

Basi la jioni lilikuwa na viti tele, lakini yule mama mshonaji, sindano bado zimechomekwa kwenye kola, alikwenda kuketi kando ya abiria asiyemjua, dereva wa lori. Mimi nilikuwa nyuma yao. "Natoka kule anakozuiliwa imamu wetu," alisema, kana kwamba ameulizwa. "Wanataka kumrudisha nchini kwao. Tumesimama langoni tangu asubuhi."

"Pole, mama. Lakini amri ya serikali haigeuzwi kwa kusimama. Mnajichosha bure."

"Hatukwenda kuigeuza, mwanangu. Tulikwenda ili akichungulia dirishani asikute uwanja mtupu."

"Alichungulia?"

"Pazia lilitikisika. Wengine wakasema ni upepo."

Dereva akakohoa. Wenye hoja nzuri hukohoa sana. "Si ana ndugu huko kwao? Huenda akapumzika."

"Ndugu zake waliobaki huko ni makaburi. Mume wangu alipofariki, mazikoni tulikuwa mimi, yeye na wachimba kaburi, na aliomba dua kwa sauti ya kutosha umati. Tangu hapo kila Ijumaa hunibishia hodi, aniulize kama nimekula. Ijumaa iliyopita nilipika, nikakaa nikisikiliza mlango."

"Huna watoto?"

"Wako mbali. Hupiga simu." Akatazama nje. "Kesho tunarudi. Njoo usimame nami."

"Kesho nina safari, mama."

"Safari haziishi."

Basi likafika kituo cha mwisho. Yule dereva wa lori alimshika mkono akamteremsha. Wakasimama kidogo, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme neno, kisha wakaachana.