Thyra Lyngholm, Aliyesoma Sare za Askari

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa kanisani, mimi ni Asger, mwanawe wa pili, na kwa niaba ya familia nitawasomea maisha ya mama yetu kama yalivyokuwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kupambwa.

Thyra alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa Lemvig, binti wa fundi viatu, akasoma shule ya mjini hadi mwaka 1952, akajifunza ushonaji kwa miaka minne, na mwaka 1956 akaajiriwa kushona sare katika kambi ya jeshi huko Holstebro, kazi aliyoifanya miaka arobaini na mmoja, hata akaweza kutambua koti la nchi yoyote jirani kwa kupapasa ukosi wake huku amefumba macho. Tarehe 3 Juni 1961 alifunga ndoa na baba yetu Ejnar, tarishi wa posta, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Birthe na mimi.

Alipostaafu mwaka 1997 alijitolea katika chumba cha kumbukumbu cha mji, akitambua picha za wakati wa vita kwa vifungo, bunduki na magari yaliyoonekana humo. Mwaka 1999 alikosea, akamwandika mlinzi wetu wa pwani kuwa askari wa Kijerumani, na alipogundua alipanda baiskeli kilomita kumi na mbili kwenye mvua kwenda kumwomba radhi mjane wake.

Oktoba 2004 alikuja Viggo Haahr na picha ya marehemu baba yake, Søren, akiwa na kofia ya chuma kando ya lori, picha iliyofanya watu wanong'one kwa miaka mingi kwamba aliwatumikia Wajerumani walioikalia nchi yetu wakati wa vita, naye Søren, mtu mkimya, alikufa mwaka 1979 bila kumjibu yeyote.

"Mama Thyra, niambie ukweli, kisha nikaichome," alisema Viggo.

Kwenye kibao cha namba cha lori, bega la Søren lilificha sehemu, ikabaki herufi M, na watu walisoma WM, alama ya magari ya jeshi la majini la Ujerumani. Mama alikaa na kioo cha kukuzia siku tisa, kisha akaiita kamati ya kumbukumbu, ambayo tayari ilikuwa imeandika maelezo ya picha hiyo kwa kufuata uvumi.

"Thyra, wewe ni fundi cherehani, vita umevijulia wapi?" mwenyekiti alimtania.

"Ndiyo maana nimetazama mshono, ninyi mmetazama uvumi tu," alimjibu. "Hebu oneni, ukingo wa kibao uko hapa, kabla ya M, hiyo W yenu itakaa wapi? Hii ni M ya magari ya Malmö, huko Sweden. Kofia ni ya Sweden, na mfuko wa koti umeshonwa kwa mtindo wa huko. Huyu ni kijana wa brigedi yetu, kikosi cha vijana wetu waliokimbilia Sweden wakafunzwa huko, akirudi nyumbani Mei 1945."

Majibu ya barua aliyoipeleka kwa watunza kumbukumbu za jeshi huko Copenhagen yalifika Januari, na jina la Søren Haahr lilikuwamo katika orodha ya brigedi. Viggo alilia mbele ya watu wote, akasema, "Nilimwonea haya baba yangu maisha yangu yote," na Mama, ambaye hakuwa mwepesi wa kukumbatia, alimmiminia kahawa, akaketi naye hadi ikapoa.

Mwaka 2017 moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Januari 2019 alfajiri alituaga, mimi na Birthe tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomletea supu, na wenzake wa chumba cha kumbukumbu. Siku mbili kabla ya kufa alinishika mkono akasema, "Asger, waambie watu waandike majina nyuma ya picha zao wakiwa wangali hai." Basi mkifika nyumbani leo, tafuteni penseli. Pumzika, Mama, nasi tutaandika.