Kibao cha Mama Marion

Benchi la mbele ya duka la Mohinder, Thornton Heath, halikuota lenyewe. Mama Marion, nesi mstaafu, aliiandikia kaunsili barua miaka miwili mpaka likaletwa, na tangu hapo watu wa kijiwe hulikalia kila Jumamosi kana kwamba walilizaa. Kesho mama anarudi Machakos moja kwa moja. Leo, kabla ya saa saba, fundi anakuja kuchukua maneno ya kibao cha shaba kitakachobandikwa hapo. Ni siri. Zein, mshairi aliyehifadhiwa sebuleni kwa mama miezi mitatu alipofika London hana hata koti, ametoka makumbusho na picha za mawe ya Kirumi kwenye simu.

— Sikilizeni, alisema akimimina kahawa. Mrumi akiwajengea watu wa mji wake hamamu ya kuogea, mji unamchongea jiwe. Jina lake, baba yake, vyeo vyake, wema wake, na mwisho: baraza la mji limeamua.

— Kumbe walikuwa watu wa harambee, alisema Njenga, dereva wa basi wanayemwita Mstahiki kwa kupenda kufungua vikao. Unatoa, unatajwa.

— Tena wengine walisema heshima yatosha, gharama ya jiwe nalipa mwenyewe.

— Huyo ndiye mfadhili. Maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana akajenga hamamu.

Séraphin, kinyozi wa Lubumbashi, alitikisa kichwa.

— Munakosea, bwana. Lile jiwe lilikuwa la kusomwa na tajiri mwenzake. Anapita sokoni, analisoma, usingizi unapotea, kesho anajenga daraja.

— Umejuaje?

— Wivu ndio ulijenga Roma yote. Hata barabara zao zilinyooka sababu kila mtu alikimbia kumshinda jirani.

— Basi baraza la mji ni sisi, alisema Njenga. Mimi mwenyekiti. Zein, andika vyeo.

— Nesi miaka thelathini na moja.

— Mweka hazina wa kanisa.

— Katibu wa misiba yetu yote, alisema Zein. Nani alisafirishwa kwenda kuzikwa nyumbani bila msaada wa mama?

— Mjaza fomu za wasioelewa fomu.

— Mshindi wa vita na kaunsili.

Zein aliandika, mistari ikimjia kwa mizani, mguu ukigonga lami.

— Mupe na farasi, kama sanamu za wakubwa wao, alisema Séraphin.

— Kwenye kibao cha inchi sita? alisema Njenga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Farasi hapana.

Ndipo akafika Shilpa, fundi wa kuchonga, mzaliwa wa Kisumu. Alisoma karatasi polepole, akatabasamu.

— Imekaa vizuri. Juu niweke jina gani?

— Mama Marion, walijibu wote.

— Hilo ni la bintiye. Yeye anaitwa nani?

Njenga alimtazama Séraphin. Séraphin alifungua simu yake: Mama Marion. Zein naye akafungua yake: Mama Marion.

— Mpigieni huyo Marion basi.

— Yuko Kanada, alisema Njenga. Nani ana namba yake?

Hakuna aliyekuwa nayo. Zein aliitazama ile picha ya makumbusho. Mtu aliyekufa karibu miaka elfu mbili iliyopita, na jina lake lilisomeka mpaka la baba yake. Akasimama.

— Unaenda wapi?

— Kwake.

— Siri itatoka, bana.

— Itoke.

— Na utaanzaje?

— Kwa shikamoo, alisema Zein. Halafu nitamuuliza.