Mama Léonie Twizeyimana na Walinzi wa Shimo la Mugunga

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2019, Mama Léonie Twizeyimana anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka ishirini na minne. Wengi mnamjua kwa kicheko chake kinachosikika hadi barabarani. Kazi yake ilikuwa kuketi na vikundi vya huduma katika mitaa ya Goma, tunayoiita kartie, na kuvisaidia kuandika dira, yaani kile wanachotaka kukiona siku moja, na dhamira, yaani kile watakachofanya wenyewe ili wafike huko.

Maneno makubwa hakuyapenda. Vijana wa Majengo walimletea dhamira ya kutokomeza umaskini barani Afrika. Aliwauliza kama wana walau beleshi. Hawakuwa nalo. Wakacheka pamoja naye, na leo kikundi hicho kinazibua mitaro ya Majengo.

Januari 2002 lava ya volkano ilipita katikati ya mji. Mama Léonie aliporudi kutoka Gisenyi, alikokimbilia, nyumba yake na ofisi yetu vilikuwa chini ya mawe meusi yaliyokuwa bado yakifuka moshi. Familia nyingi zilihamia upande wa Mugunga, naye akazifuata huko na kazi yake.

Huko, komite ya wakaaji iliyoongozwa na muzee Munyakazi ilikuwa imeandaa dira nzuri: ustawi, amani, maendeleo. Iliposomwa mbele ya wakaaji, mama mmoja tu, Mama Apolline, hakupiga makofi. Binti yake alikuwa ametumwa kuni akafia kwenye mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, isiyo na rangi, inayotulia mabondeni hasa alfajiri. Mama Léonie aliomba aonyeshwe mahali penyewe.

Walimpeleka asubuhi. Lilikuwa shimo pana lenye majani mabichi kuliko kwingine kote, na hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia. Mbuzi alikuwa amelala katikati, majani bado mdomoni, hana jeraha, na hata nzi hawakumfuata. Munyakazi alifunga taa ya mafuta kwenye kamba akaishusha. Ilipokaribia chini, mwali ulizimika ghafla, na upepo haukuwepo.

Ndipo Mama Apolline akasema: "Mimi sina maono makubwa. Ninataka tu mutoto akitumwa kuni, arudi nyumbani."

Hiyo ndiyo ikawa dira. Dhamira waliiandika palepale: kila asubuhi mtu mmoja atasimama ukingoni mwa shimo na kuwarudisha wapitao. Walisimama kwa zamu, mwaka baada ya mwaka, na kwa miaka mingi hakuna aliyefia tena pale.

Novemba 2012 waasi walikaribia mji, watu wakamiminika Mugunga. Mama Léonie mwenyewe alitoka kwake Mabanga kwa miguu, godoro kichwani. Asubuhi moja alimkuta Apolline, aliyekuwa zamu, akizuia familia zilizotaka kutandika maturubai yao shimoni, maana palikuwa na nafasi na majani laini. Walidhani anataka kuwauzia kiwanja. Baba mmoja, Habiyaremye, aliuliza: "Kama pale panaua, mbona hatuone kitu?"

Mama Léonie hakubishana. Alimwonyesha turubai moja chini kabisa, limefungwa vizuri kwa kamba, viatu vya watu wawili vimepangwa mlangoni.

"Papa, uwaite wale."

Habiyaremye aliita. Akaita tena, kwa Kinyarwanda, kwa upole, kama anayeamsha wageni wake. Kisha akataka kushuka. Mama Léonie na Apolline walimshika shati hadi akaketi chini. Familia zote zilibeba maturubai yao zikaondoka.

Waliokuwa ndani ya turubai walikuwa ndugu wawili waliofika jana yake jioni, saa ambazo hakuna aliyesimama pale. Hilo lilimuumiza sana Mama Léonie. Aliiomba komite isome dhamira upya, akaongeza maneno mawili: "na usiku." Hakuna aliyepinga, ingawa kila mmoja alijua maana yake ni kukaa gizani pale peke yake. Zamu ya kwanza aliichukua yeye. Alitusimulia mara moja tu kwamba karibu na mapambazuko alishikwa na usingizi mtamu, kana kwamba mtu anamvutia blanketi taratibu, akagundua kuwa ameketi chini mno, pale hewa ile inapofika. Akapanda juu. Tukimuuliza zaidi, anabadilisha mazungumzo.

Sasa anakwenda kuishi kwa dada yake Masisi, mlimani, penye ng'ombe na upepo mwingi. Mama Léonie, asante kwa kutufundisha kuandika yale tu tuliyo tayari kuyafanya. Tunakutakia usingizi mwema huko juu, na kuamka kila asubuhi.

Ferdinand Nshobole,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako